Msimnyime nauli kijana anayekwenda kupima spini za viini

Ndugu Mhariri,

Jumapili iliyopita alasiri nilikuwa katika ukumbi mmoja hapa Umoja, kwenye harambee ya kijana niliyemfundisha fizikia tangu kidato cha kwanza hadi cha nne. Sasa anasomea shahada ya uzamili, na amepata nafasi ya kwenda Faure, Afrika Kusini, kwa miezi mitatu, akajiunge na watafiti wanaotumia miale ya protoni kuchunguza jinsi spini zinavyosisimka ndani ya viini vya atomu. Malazi amepewa. Kilichobaki ni tikiti ya ndege na pesa za kula. Mama yake anauza mboga Mutindwa, na kwa wiki tatu amekuwa akipita kibanda kwa kibanda akigawa kadi za mchango.

Kabla kapu halijaanza kuzunguka, ami yake kijana alisimama na nakala ya gazeti lenu. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti barua ya msomaji wenu iliyotoka siku moja kabla, yote, mpaka jina la mtaa lililo mwishoni. Msomaji huyo alilalamika kwamba vijana wetu wanapelekwa nje kupima vitu visivyoonekana, kisha akauliza: kiini cha atomu kikigeukia upande huu au ule, mkazi wa Kayole ataongezewa nini sahanini? Ami akakunja gazeti, akasema hana la kuongeza, akaketi. Kapu likapita. Lilirudi na shilingi 4,350, nyingi zikiwa za akina mama wa sokoni.

Sikusema kitu siku ile. Si adabu mgeni kumjibu mzee wa watu mbele ya ukoo wake. Lakini barua ilitoka katika ukurasa huu, na jibu lake naomba litoke hapa hapa.

Mama yangu mzazi ana miaka 71. Mwaka jana madaktari walishuku kwamba uvimbe wa titi aliotibiwa zamani umerudi, wakamwandikia kipimo cha PET, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa dawa yenye mionzi, katika hospitali moja hapa Nairobi. Alidungwa sukari iliyobandikwa florini-18, ile florini yenye mionzi, akalazwa kwenye chumba tulivu kwa karibu saa nzima. Aliambiwa asiongee wala asitembee, maana msuli unaofanya kazi hula sukari na kuichafua picha. Mimi nilikaa nje kwenye kiti cha plastiki nikitazama saa ya ukutani. Nilijua kinachoendelea mle mwilini mwake. Kila dakika 110, nusu ya florini ile huwa imegeuka oksijeni, na haiwezi kugeuka bila spini kupinduka.

Hapa namwomba msomaji wa Jumamosi anivumilie kidogo.

Kiini cha atomu kimejaa protoni na nyutroni, na kila moja ina spini yake. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu huuliza kama kweli inazunguka kama pia. Huwaambia kwamba mle ndani hakuna kijipira kinachozunguka. Spini ni mzunguko ambao chembe imezaliwa nao, hauongezeki wala haupungui, na hujionyesha kwa kuifanya chembe iwe kama sumaku ndogo sana inayoelekea juu au chini. Mwaka 1925 Wolfgang Pauli alitoa kanuni juu ya elektroni ambayo baadaye ilionekana kuzishika pia chembe za kiini: mbili za aina moja haziwezi kukaa katika hali moja zikiwa zimeelekea upande mmoja. Sisi tuliolelewa katika nyumba za chumba kimoja huku Eastlands hatuhitaji kuelezwa mara mbili. Kitanda kimoja, watoto wawili, mnalala mzungu wa nne, mmoja kichwa huku na mwenzake kichwa kule. Nyutroni nazo hulala hivyo.

Sasa tazama florini-18. Ina protoni 9 na nyutroni 9. Weka kando nane na nane ambazo zimejipanga na kutulia, unabaki na protoni moja na nyutroni moja. Hizi ni za aina mbili tofauti, kwa hiyo kanuni ya Pauli haizizuii kuelekeza vichwa upande mmoja, na ndivyo zinavyolala. Lakini protoni ile inapotaka kuwa nyutroni, inakuta kitandani tayari kuna nyutroni iliyoelekea upande uleule. Haina budi kugeuka. Hapo hubadilika aina na kupindua spini kwa pamoja, ikitema positroni, yaani elektroni yenye chaji chanya, na nyutrino, chembe nyepesi mno. Mabadiliko ya namna hii huitwa Gamow-Teller, kwa heshima ya George Gamow na Edward Teller walioyaeleza mwaka 1936. Positroni haiendi mbali, milimita moja au chache tu mwilini, ikakutana na elektroni, zote mbili zikatoweka, na mahali pake ikatoka miale miwili ya gama inayokwenda pande mbili zinazopingana. Mashine iliyomzunguka mama kama pete huidaka yote miwili na kuchora mstari kati yake. Mistari kama hiyo ikijumlishwa kwa mamilioni, inakuwa picha.

Picha ya mama ilikuwa safi. Uvimbe haukuwa umerudi. Na mama yangu, ndugu msomaji, anaishi Kayole.

Florini ile haikuletwa kwa meli wala kwa ndege kutoka Ulaya. Kwa kitu kinachopungua nusu kila dakika 110, safari ya namna hiyo ingeimaliza karibu yote njiani. Inatengenezwa hapa hapa Nairobi. Hospitali ya Aga Khan ina saiklotroni, na hospitali ya rufaa na utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta nayo inayo. Ndani yake protoni huzungushwa na sumaku mpaka zipate kasi, kisha huelekezwa kwenye maji kidogo ambayo oksijeni yake ni ile nzito, oksijeni-18. Protoni inaingia kiinini, nyutroni inatoka, oksijeni imekuwa florini. Kwa hiyo miale ya protoni anayoifuata kijana wetu Faure si kitu kigeni katika mji huu. Iko ng'ambo ya ukuta wa wodi zetu, na watu wanapita nje na mikokoteni ya maji bila kujua.

Ila protoni za hospitali zina nishati ndogo, kwa kawaida kati ya MeV 10 na 20 (MeV ni kipimo cha nishati ya chembe). Zinatengeneza dawa vizuri sana, lakini hazitoshi kukihoji kiini juu ya spini zake. Protoni ya polepole hukitikisa kiini kizima, kikayumba na kuchemka, na fujo hiyo hufunika kila kitu. Kuanzia kama MeV 200 mpaka 400 mambo hubadilika. Ile sehemu ya nguvu za nyuklia isiyojali spini hufifia, na sehemu inayoshika spini hubaki na nguvu zake. Ni kama muziki wa matatu unapopunguzwa, ndipo unamsikia kondakta akitaja steji.

Faure iko kati ya Cape Town na Stellenbosch. Maabara yenyewe inaitwa iThemba LABS, na ithemba kwa Kixhosa ni tumaini. Saiklotroni yake kubwa huzipa protoni nishati ya MeV 200, yaani zinakwenda kilomita 170,000 kwa sekunde, zaidi ya nusu ya kasi ya mwanga. Najua jinsi usiku wa pale ulivyo kwa sababu mwaka 2011 nami nilikuwa huko kwa miezi mitatu, nikitokea Chiromo, kampasi ya sayansi ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Siku za kazi mashine ileile ilitumika kutibu wagonjwa na kutengeneza isotopu za hospitali, yaani atomu zenye mionzi kama florini ile. Sisi wa fizikia tulipewa wikendi, Ijumaa jioni mpaka Jumatatu alfajiri, na kila saa ilikuwa na mwenyewe.

Kazi yetu ilikuwa kupima kwenye pembe ya sufuri. Nitaeleza, kwa sababu hapo ndipo penye ugumu na ndipo penye utamu. Unachukua bamba la kaboni jembamba kuliko karatasi, unapitisha protoni ndani yake. Karibu zote zinapita kana kwamba hapakuwa na kitu. Chache zinagonga kiini, zinakiachia sehemu ya nishati yao, na kuendelea mbele. Ukizipima zile chache zimebaki na nishati kiasi gani, unajua kiini kimechukua kiasi gani. Lakini kama unataka spini ipinduke na kiini kisipate mzunguko mwingine wowote, lazima udake protoni zilizoendelea moja kwa moja bila kupinda. Na huko mbele moja kwa moja ndiko unakokwenda mwale wenyewe, wenye protoni nyingi kuliko unazozitafuta mara mabilioni. Zinatenganishwa na spektromita inayoitwa K600, sumaku kubwa zilizopangwa mstari mmoja. Protoni iliyopoteza nishati kidogo hupinda zaidi kidogo, ikatua kwenye vigunduzi, na mwale ukapita kando yake kwa upana wa viganja tu.

Kwa hiyo mwale ukiwa na ukungu mdogo tu wa protoni pembeni, umekwisha. Tulikuwa tunaweka mahali pa bamba kipande kinachong'aa kinapopigwa na protoni, chenye tundu katikati, tukikitazama kwa kamera. Ukiona ukingo wa tundu unawaka, mwale una ukungu. Fundi wa zamu, mzee mpole aliyenifundisha kunywa chai ya rooibos bila maziwa, aligusa kitufe kimoja baada ya kingine, sumaku moja baada ya nyingine, kwa saa sita. Kisha tukaweka fremu tupu isiyo na kaboni, tuhesabu ni protoni ngapi zinafika kwenye vigunduzi bila sababu. Zilikuwa nyingi mno. Tukaanza upya. Saa tisa za usiku hesabu ya fremu tupu ilishuka, tukaingiza kaboni, tukakaa kimya mbele ya skrini.

Kilele kilianza kuinuka mahali palipoandikwa MeV 15.11, yaani nishati ambayo kiini kimechukua. Kwanza nukta mbili tatu, kisha kichuguu, kisha mnara. Katika kaboni-12 hapo ndipo protoni na nyutroni hupindua spini kwa kupishana, hizi zikienda huku zile zikienda kule. Chini yake, kwenye 12.71, pana kilele kifupi zaidi ambapo zinapindua pamoja. Vilele hivi viwili vinajulikana kwa wanafizikia wa viini kama majirani. Tulipoisogeza spektromita kando kwa digrii chache, ule mnara wa 15.11 ukaporomoka, na hiyo ndiyo sahihi ya spini iliyopinduka peke yake. Nilikuwa nimeisoma kitabuni Chiromo na kuifanyia mtihani. Sikuwa nimeielewa mpaka usiku ule.

Sikuendelea na uzamivu. Niliandika kuomba ufadhili kwa ofisi moja, nikaandika tena, sikujibiwa, na mama akaanza kuugua. Nikarudi kushika chaki. Sijutii chaki. Najuta kwamba kwa miaka hii yote nilimtafuta mwanafunzi atakayerudi pale, na nilipompata, nauli inakwamishwa na barua.

Sasa namgeukia ami kidogo, kwa heshima. Nimeambiwa ni mweka hazina wa chama cha mtaa wao, na kwamba halali hesabu ikipungua hata shilingi kumi. Basi ataielewa hadithi hii kuliko mimi. Mwaka 1963 Wajapani watatu, Ikeda, Fujii na Fujita, walionyesha kwamba nguvu yote ya kupindua spini huku nyutroni zikigeuzwa protoni inaweza kukadiriwa kabla ya kupima. Chukua idadi ya nyutroni, toa idadi ya protoni, zidisha kwa tatu. Zirkoni-90 ina nyutroni 50 na protoni 40, kwa hiyo hesabu yake ni angalau 30. Hiyo ndiyo inayotakiwa kuwa katika kisanduku.

Dalili ya kwanza ilionekana Michigan, Marekani, mwaka 1975. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu wa Indiana, huko huko Marekani, wenye protoni za hadi MeV 200, walifungua kisanduku wakahesabu viini vingi, kimoja baada ya kingine. Wakapata kama sita ya kumi. Kila mahali, upungufu uleule. Wapo waliosema fedha imetoka nje ya chama kabisa: kwamba nyukleoni zenyewe, yaani protoni na nyutroni, husisimka ndani kwa ndani na kuwa chembe nzito inayoitwa delta, na nguvu iliyokosekana imekwenda huko. Wengine wakasema haijatoka, imevunjwavunjwa kuwa senti na kusambazwa mifukoni, mahali ambapo hakuna aliyepekua. Ubishi ulikwenda zaidi ya miaka 15.

Waliokata shauri walikuwa Osaka, Japani, mwaka 1997. Walipiga zirkoni-90 kwa protoni za MeV 295, na hawakuishia kwenye kile kilele kikubwa ambacho kila mtu alikihesabu. Walipekua mpaka pale kiini kilipochukua nishati ya MeV 50, wakichambua ni sehemu gani ya ule mkia mrefu ni spini na ipi si spini, kwa kutazama inavyopungua pembe ikiongezeka. Wakafikia takriban tisa ya kumi. Senti zilikuwa mifukoni. Delta ilikuwa imechukua kidogo tu. Mtu aliyewahi kufunga vitabu vya chama anajua raha ya usiku wa namna hiyo, na anajua pia kwamba haikuwa kazi ya bure.

Hesabu hiyo ndiyo inayotumika kukadiria namna nyota kubwa inavyofariki: katika moyo wake wa chuma, elektroni humezwa na protoni ndani ya viini, kwa mapinduko yaleyale ya spini, na kasi ya kumezwa huko ina sehemu kubwa katika kuporomoka kwake. Nalitaja kwa kupita, maana barua aliyoisoma ami iliuliza habari ya sahani.

Na la sahani lina haki yake. Mama wa kijana anaamka saa tisa za usiku kwenda kuchukua sukuma. Anapouliza mtoto wake atafanya kazi gani, haulizi swali la kijinga. Mimi namjibu hivi: kijana akitoka Faure atakuwa ameshika kwa mikono yake mwale wa protoni, ameuona ukiharibika na kurekebishwa, amejua kutofautisha kipimo cha kweli na ukungu. Saiklotroni za Nairobi zinataka watu wa namna hiyo. Wagonjwa wetu wanaodungwa florini wanataka mtu wa kwetu ajue dozi ni ngapi na kwa nini. Sisemi fizikia ya spini ni tawi la udaktari, sivyo. Kijana huyu anakwenda kwa sababu anataka kujua, na kutaka kujua kunamtosha. Lakini ukweli ni kwamba mikono ni ileile.

Kuna jambo moja katika barua ya Jumamosi lililoniuma zaidi, nalo ni neno "visivyoonekana". Nilikuwa na kijana huyu akiwa na miaka 15, siku nilipoleta darasani gurudumu la baiskeli. Nilimkalisha kwenye kiti kinachozunguka, nikampa gurudumu likiwa linakwenda kasi, nikamwambia aligeuze juu chini. Alipoligeuza, kiti kizima kikazunguka naye. Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Aliligeuza tena, kiti kikasimama, akaligeuza tena, mpaka kengele ikalia. Kisha akaja mezani kwangu akauliza, "Mwalimu, kama kitu ni kidogo hata hakuna wa kukishika, nani analigeuza gurudumu?" Nilimjibu: protoni nyingine, ikipita karibu.

Ndege yake ni mwezi ujao, tarehe 14. Daftari la mchango ninalo mimi, nimelifungia kwenye droo ya maabara ya shule. Mama yangu ameandikwa ukurasa wa pili, shilingi 2,000, chini ya majina ya akina mama wa Mutindwa. Mistari iliyobaki chini ya jina lake bado iko wazi, na mmoja nimeuacha kwa penseli kwa ajili ya ami.

Wako,
Mwalimu wa fizikia,
Umoja, Nairobi